Meno ya Urithi

Nianze kwa kusema wazi kwamba mdomo wa mtu mzima unanitia kinyaa. Wa mtoto nitauvumilia, una harufu ya maziwa. Wa mtu mzima ni pango lenye vitu vilivyosahaulika. Kwa hiyo mpwa wangu Atuganile aliporudi kutoka Dar na cheti cha kutengeneza meno bandia, nilimwuliza kama nchi nzima imeishiwa kazi nyingine.

"Mjomba, meno hayana ubaya," akaniambia. "Ubaya wanao wenyewe."

Amezaliwa Kisiba, kwa dada yangu, na tangu utoto mikono yake haikutulia. Alikuwa anafinyanga ng'ombe wa udongo wenye kwato, pua na hasira usoni. Ufundi ule kautoa kwangu, hata kama baba yake anabisha. Mimi shule niliacha darasa la tano, kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza vyote vya kunifundisha na wakaanza kurudia.

Siku hizi yuko mjini, Bulyaga, kwenye kliniki binafsi ya meno, chumba cha nyuma. Chumba cha mbele ni cha Daktari Sia, Mchaga kutoka Moshi, ambaye mpaka leo mvua yetu anaichukulia kama ugomvi wa familia. Sia ndiye anayeingia kwenye midomo ya watu. Zamani, ananiambia Atuganile, mgonjwa alijazwa mdomoni uji mzito akang'ata mpaka ugande, na wengine walitapika hapo hapo. Sasa Sia anapitisha tu kifimbo chenye kamera, kinene kama ndizi mbivu, na picha ya taya lote inatokea kwenye kompyuta ya Atuganile. Huko analigeuzageuza, anachora meno ya kulitosha, kisha mashine inayachapa kutoka kwenye beseni la maji mazito, tabaka juu ya tabaka. Niliyaona yakipanda kutoka kwenye yale maji, yananing'inia kichwa chini, mekundu, yanachuruzika kama popo waliozaliwa asubuhi hiyo. Nyama sikula siku ile, na mimi nyama huwa sikosi.

Atuganile ameolewa na Ackson, mtoto wa Mzee Lukasi wa Ikuti. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu Wanyakyusa, nyumba inayoshika mila, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Haongei naye wala hataji jina lake, na wakikutana njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wengi wameacha. Lakini Lukasi ni mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa pamoja, na Atuganile anamheshimu. Akienda Ikuti anaingilia mlango wa jikoni, na hajawahi kuuona uso wake vizuri.

Basi akafariki Yona, kaka yake Lukasi. Baada ya msiba vitu vya marehemu vikagawiwa kama kawaida, na ndugu aliyebaki ndiye anayechukua. Lukasi akapata koti, akapata panga, akapata redio. Chini ya kitanda ikaonekana bilauri yenye meno bandia ya juu ya Yona. Watu wenye akili wangeyazika. Lukasi, ambaye fizi zake za juu zilikuwa tupu kama uwanja wa mpira wakati wa masika, akasema na haya ni ya ndugu yangu.

Shida ni kwamba Yona alikuwa na taya kama sanduku la bati, na Lukasi ana taya la mbuzi. Akayapunguza pembeni kwa tupa ya kunolea panga. Yakabaki yanacheza. Akajazia pamba juu, kati ya meno na fizi, na kila pamba ikilegea anaongeza nyingine bila kutoa ya kwanza.

Nilikwenda Ikuti kumsalimia. Akanikaribisha mbalaga, ndizi na nyama, bakuli moja. Kabla hajanyanyua mkono nilisikia harufu, nikadhani kuna panya amefia darini. Kumbe ni mwenyeji wangu anacheka. Akang'ata nyama, meno yakabaki kwenye nyama. Akayachomoa, akayalamba, akayarudisha.

"Endelea, mkwe mwenzangu," akaniambia. "Mbona umeacha?"

"Nina mfungo."

"Wa nini?"

"Nimeuanza sasa hivi."

Kilichonitisha si kinyaa peke yake. Shavu lilikuwa limevimba, na mchuzi ulipopita kooni mzee alifumba macho. Alikuwa amekonda, na baadaye nikasikia kwamba hata uji anausukuma pembeni. Nikampelekea Atuganile habari. Akaweka chini kifaa alichoshika.

"Hiyo pamba anaitoa lini?"

"Haitoi. Anaijenga ghorofa."

"Mjomba, sitanii. Hapo ndani kuna kidonda, kikiachwa kitamla. Mlete."

"Akuone wewe?"

"Asinione. Sia atampiga picha, mimi nitakuwa nyuma ya mlango."

Lukasi akakataa kabisa. "Ndani ya mdomo wangu paonyeshwe kama runinga, halafu mkwe wangu akae apatazame? Afadhali anikute naoga."

"Mzee, fizi hazina sura," nikamwambia. "Ni shimo kama mashimo mengine, ila lako linanuka kuzidi."

"Wewe ulisomea wapi mambo haya?"

"Nilipozaliwa nilikuwa nayajua."

Hakucheka. Alijaribu kumeza mate, machozi yakamtoka bila yeye kulia. Akavaa lile koti la marehemu. "Twende. Ila ukae kati yangu na mlango wake."

Sia alipovua yale meno, pamba ilitoka nayo kipande kimoja, ya kijani, inavutika. Nimeshachinja, nimeshafukua choo, nimeshamzalisha nguruwe kwa mikono hii, na bado nilitoka nje kuipumua mvua. Sia mwenyewe, daktari mzima, alirudi nyuma hatua.

"Baba, hii ni nini?"

"Pamba," akasema Lukasi kwa heshima zote.

Chini yake kulikuwa na kidonda cheupe pembeni. Akasafishwa, akapewa dawa, akakatazwa kuvaa chochote mpaka kipone. Kilipopona ndipo kifimbo kikapita, na Atuganile nyuma ya mlango akakaa na taya la baba mkwe wake kwenye kioo cha kompyuta. Aliniambia alilifanyia kazi huku amefunika kwa karatasi kona yenye jina la mzee, kama vile ingesaidia.

Siku ya kuvalishwa, Sia alimwekea meno mapya, akampa karatasi ya rangi ya bluu aing'ate ili alama zionyeshe yanapogongana. Wakati huo huo mgonjwa wa kiti cha pili, jino limekatikia ndani, akaanza kupiga kelele. Sia akamkimbilia.

"Mjomba, mpelekee Atuganile hayo ayasage kidogo."

"Mimi?"

"Hayang'ati."

Yalikuwa ya moto. Hilo ndilo lililoniumiza: meno mabichi, moto, na uzi wa mate unaotoka mdomoni kwa Lukasi mpaka kiganjani kwangu, haukatiki. Nikayapitisha mlangoni, mashine ikalia, yakarudi. Lukasi akavaa, akatikisa kichwa. Nikapeleka tena. Yakarudi tena. Akatikisa tena.

"U wapi ubaya?" Atuganile akaniuliza kwa kunong'ona.

"Kaonyesha shavu."

"Shavu lipi? Juu au nyuma? Mjomba, nikisaga pasipo penyewe nayaharibu, naanza upya, na yeye atarudia ya marehemu."

Nikamwuliza Lukasi. Akaniashiria kitu nisichokielewa. Yalikuwa tena kiganjani kwake, yananing'iniza mate, ananinyooshea. Nikaweka mikono mfukoni. Kila mtu ana mwisho wake.

Mzee akautazama mlango, halafu akageuza uso haraka ukutani. Akayarudisha mdomoni. Akakohoa.

"Mwanangu," akasema akiwa anauangalia ukuta. "Ni kushoto, nyuma kabisa. Nikifunga mdomo linatangulia moja."

Nyuma ya mlango mashine ikazimwa. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono wenye glovu ukatokea, kiganja kimeelekea juu.

Lukasi akavua meno, akageukia dirishani, akaenda kinyumenyume, mguu baada ya mguu, mkono wake umenyooshwa nyuma unapapasa hewani mpaka ukaukuta ule mwingine. Akayaweka. Ute ukadondoka njiani, juu ya kiatu changu, kile cha kanisani.

Mashine ikalia kidogo tu. Mkono ukarudi, mzee akayapokea yake kinyumenyume vilevile, akavaa, akafunga mdomo. Akagonga meno, akasikiliza, akagonga tena.

"Hayatangulii," akaliambia dirisha. "Ndaga fijo."

Asante sana, ndiyo maana yake. Mke wa mtoto hamjibu baba mkwe. Lakini nilisikia kidole kikigonga ubao wa mlango, polepole, upande wa ndani. Lukasi alibaki amesimama pale, mgongo kwa mlango, anayagusagusa kwa ulimi meno yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye bomba, nasugua kiatu.