Panga Kiunoni mwa Mkwezi

Kwetu Tezo, shamba laweza kuwa la mtu mmoja na minazi ya mtu mwingine. Babu alipouza kipande chake cha ardhi alibakiza minazi tisa, na aliyenunua aliliheshimu hilo mpaka kufa kwake. Warithi wakamuuzia mgeni kutoka bara, fundi umeme mstaafu, wala hawakumwambia habari ya minazi. Naye hakuuliza. Kwao mwenye shamba ndiye mwenye kila kilichoota juu yake.

Ndugu yangu ni mkwezi, kazi yake kuangua nazi. Panga lake hulichomeka kiunoni kwa nyuma, na hulisahau hapo hata akienda msibani. Tunamtania kwamba siku ya kuoa ataingia nalo. Asubuhi moja alikwea mnazi wetu bila kupiga hodi, maana nani hupigia hodi mnazi wake? Yule fundi, sasa jirani yetu, akatoka, akamwita mwizi. Ndugu yangu akateremka mbio ili amweleze. Mzee wa watu alipoona kijana anamshukia na panga, hakungoja maelezo. Alikimbilia polisi, akaandikisha kwamba ameibiwa na kutishiwa, na kufikia saa sita ndugu yangu alikuwa ndani.

Niliingia kituoni nikifoka. Afande akanivumilia, akanieleza pole pole. Kuchukua nazi za mtu ni wizi wa kawaida, una kifungo chake, na mara nyingine wenyewe hupatana yakaisha. Lakini nazi zilezile, ukimtishia mwenyewe kwa panga, ni wizi wa mabavu, na adhabu yake kwenye sheria ni kunyongwa. Nikamuuliza kwani mkwezi hukwea na kijiko? Akasema analijua hilo, ila mlalamishi amesema ametishiwa, na yeye huandika anachoambiwa. Hapo ukali wote ukaniisha.

Kesho yake jirani akaja kituoni. Nilikuwa nimemwekea maneno ambayo mama asingependa kuyasikia, na namshukuru Mungu kwamba yeye alitangulia kusema. Alikuwa amezunguka nyumba za karibu akiuliza, akaambiwa minazi ile ni ya nani. Alitaka kubadilisha taarifa yake. Afande akamwonya kwamba kuwapa polisi taarifa ya uongo nako ni kosa, na huenda akafunguliwa kesi yeye.

"Hiyo yangu pia wananyonga?" akauliza.

Afande akasema la, hiyo ni ndogo.

"Basi andika. Ile panga haikutoka kwa kiuno. Mimi niliogopa tu, afande, na kuogopa kwangu si makosa yake."

Mwishowe hakushtakiwa mtu, si yeye wala ndugu yangu. Lakini pale kaunta yeye hakujua kwamba yangeishia hivyo, na ndiyo maana namshukuru mpaka leo. Mimi, kwa hasira zangu nizijuazo, sina hakika kwamba ningerudi.

Afande akavuta karatasi mpya. Mama, aliyekuwa kwenye benchi tangu alfajiri, akaanza kulia kwa sauti, na jirani akaketi kando yake, akangoja mpaka alipomaliza.