Gari la Moshi Lenye Usukani

Wenzangu mliokwenda shule miguu mitupu, haya nawaandikia ninyi, maana wajukuu wangu nikiwasimulia wananitazama kama redio iliyoharibika.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushei, na kazi yangu ya ustaafu ni kutengeneza magari madogo ya moshi kwa makopo. Msicheke. Tuko wazee watano wenye ugonjwa huu, na kundi letu la simu lina kelele kuliko soko la Rangwe siku ya gulio. Mmoja anauliza namna ya kukata bati bila kujikata vidole, mwingine anamjibu atumie kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akizungushie kitambaa pale pa kushikia. Hawajamaliza, wa tatu anakumbuka harufu ya samaki wa Homa Bay wakikaangwa karibu na gati, na habari za tupa na lehemu zinaishia hapo. Fundi wetu mkuu ni binamu yangu Ochieng. Yeye ndiye aliyeniambukiza, miaka ile ya sitini, uani kwa dani.

Dani ndivyo tulivyomwita nyanya yetu. Ochieng aliletwa kwake Rangwe kutoka Suna, sote wawili tukiwa na miaka tisa. Mama yake, yaani shangazi yangu, alikuwa amekwenda Kampala kumtafuta mumewe aliyefanya kibarua huko, akaacha neno kwamba angerudi mvua za kupandia zikianza. Zilianza. Tukapanda, tukapalilia, tukavuna, na shangazi hakuonekana.

Ochieng hakulia. Alitutangazia tu, siku ile ile aliyofika, kwamba alimsindikiza mama yake mpaka stesheni ya Kisumu, akamwona akipanda gari la moshi, na mama akampungia mkono dirishani mpaka gari likapotea. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Reli haikufika upande wetu. Tulijua meli iliyotia nanga Homa Bay, tulijua basi lililotuachia vumbi kinywani, lakini gari la moshi tulilijua kwa kusikia. Mtoto aliyeliona kwa macho yake alikuwa profesa, na mimi Akinyi, niliyezoea kuwa wa kwanza darasani, nikageuka msaidizi wake.

Tulilitengeneza kwa miezi. Kichwa kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, mabehewa yalikuwa makopo ya rangi ya viatu, ekseli zilikuwa spoki za baiskeli. Magurudumu tuliyapata kwa kuponda vifuniko vya soda juu ya jiwe. Mashimo tuliyatoboa kwa msumari uliowekwa kwenye moto wa dani mpaka ukawa mwekundu, unaushika kwa gunzi la mahindi, na ole wako ukizubaa. Bati tulilikata kwa kisu chake cha samaki, naye akilia, "Kisu changu kimekuwa na mapengo kuliko mimi!" Bomba la moshi lilikuwa kikonyo cha jani la mpapai, na ndani ya kopo tuliwasha mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wa kweli, ndugu zangu! Juzi nilimnunulia mjukuu treni ya plastiki inayotembea kwa betri. Ilizunguka siku tatu, sasa iko chini ya kitanda.

Jambo la mwisho aliliamua Ochieng. "Mbele kuna usukani mkubwa," alisema. "Dereva alikuwa anauzungusha hivi, akikata kona ya kutoka Kisumu." Hakuna aliyebisha. Kitu chenye magurudumu kitakwendaje bila usukani? Tukaufunga, waya mrefu wenye duara juu, kama tulivyozoea kwenye magari yetu ya waya.

Jioni tulikula nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharage, na siku njema samaki. Ochieng alikula macho yakiwa barabarani. "Anayekula akitazama njia humeza miiba," dani alimwambia, lakini kwa sauti ya chini, wala hakumhamisha mahali pake.

Krismasi ikikaribia, jirani yetu Omolo alirudi nyumbani likizo. Alikuwa mchochea moto kwenye gari la moshi lenyewe, na alipenda kutuongelesha Kiswahili cha kazini ili tujue ametembea. Tulimpelekea kazi yetu tukiwa watoto kama kumi. Akachuchumaa, akaligeuza, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hii ni kazi safi kabisa. Lakini hii waya ya kushika ni ya nini?"

"Usukani," tukasema.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Gari ya moshi haina usukani, watoto! Inafuata reli tu. Itaenda wapi ingine?"

Hakucheka kwa ubaya. Ubaya ulikuwa wangu. Mwaka mzima nilikuwa nimeponda vifuniko kwa amri ya profesa, na wivu ulikuwa umenijaa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Kumbe hukufika Kisumu! Kumbe hukumwona mama yako akienda!"

Ochieng hakunipiga. Aliufungua ule waya polepole, akaunyoosha kwa meno, akauweka chini, akaenda kukaa nyuma ya ghala. Dani alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilijua nitachapwa, na ningeshukuru kuchapwa. Alisema tu, "Akinyi, ukweli si jiwe, eti kila ukiuokota lazima umrushie mtu."

Baadaye Ochieng mwenyewe aliniambia. Siku mama yake alipoondoka, alitumwa mtoni kuchota maji. Aliporudi na debe lake alikuta nyumba imefagiwa na nguo zake zimekunjwa. Shangazi aliandika barua moja, kisha kimya mpaka leo.

Nimemwomba msamaha mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, kwa simu. Aliniambia ninunue tupa laini zaidi, hii yangu inakwaruza bati.

Wajukuu zetu wakitaka kujua gari la moshi likoje, wanabonyeza simu na kuliona likipita, ndani na nje. Ni jambo jema, wala siwaonei kijicho. Ila mtoto kama Ochieng, siku hizi, angeumbuliwa kabla hajatoboa shimo la kwanza. Sisi tulikuwa watoto wasiojua kitu, na kwa sababu hatukujua, mwenzetu alipata karibu mwaka mzima wa kuwa mtoto aliyeagwa na mama yake. Mwaka huo ungeweza kuendelea. Mimi ndiye niliyeukatiza.