Karamu ya Mkaguzi

Mimi ni mtu wa ziwani, na nafundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi hapa Masimba. Cherehani nilifundishwa na mama, cheti sina. Basi ilipopitishwa sheria mpya kwamba asiye na leseni asifundishe, hofu ilinifuata hata kanisani. Ningeenda wapi? Shamba sina, na wanangu wanaishi kwa sindano hii.

Ukaguzi ulipokaribia, mkuu wetu wa chuo akatutangazia: "Kesho kira mtu aje na karamu yake." Wenzangu, wote Wakisii wa huku, wakaitikia tu. Nikajiambia, kumbe ndivyo wageni wanavyopokewa! Nikakaanga samaki wakubwa, nikawaunga kwa nyanya.

Asubuhi nikakuta wenzangu wote wameshika biro. Mwenye sufuria ni mimi peke yangu.

Mkaguzi, naye Mkisii, akaketi mbele yangu. "Mama, kwa sheria hii wewe si mwarimu mpaka nikupime. Karamu iko wapi?"

Nikafunua sufuria.

Yawa! Mtu mmoja akacheka puani. Mkaguzi hakucheka. "Unanihonga mbere ya watu?"

Ndipo nikaelewa: kalamu! Ndimi za huku haziijui L. Siku zote nawatania kwa hilo, na leo limenigeukia. Nikajieleza. Akanipa biro yake. "Kwanza kazi. Kura baadaye."

Kura! Kumbe watanipigia kura? Majibu niliyaandika kama kuku anachakura. Uzi ukakataa kuingia sindanoni, mimi niliyetunga uzi tangu utotoni. Nikashona kola, nikaifumua, nikaishona tena, namwomba Mungu asiniaibishe, nawaangalia wenzangu mmoja mmoja nikijiuliza nani ataniinulia mkono na nani atanizika.

Mwishowe mkaguzi akaigeuza ile kola, akaivuta pembe zake, akagonga muhuri kwenye karatasi bila kunionyesha. "Haya, sasa kura," akasema.

Nikafumba macho. Sikutaka kuona mikono ya watu.

Nikasikia maji yakimwagika. Kufumbua macho, mkaguzi ananawa. Akaivuta sufuria karibu.

"Samaki wamepoa," akasema. "Na wewe mwarimu, mbona unaria?"