Vidonge vya Kumbukumbu

Mwandishi wetu wa kanda, dada anayegeuza mahojiano yaliyorekodiwa kuwa maandishi, humeza vidonge viwili vya kumbukumbu kila asubuhi kabla ya kuvaa hedifoni. Hufuta midomo kwa kiganja, kisha vidole vyake havitulii tena hadi mchana. Huandika hata kikohozi, hata mlio wa mlango. Nilipomtania kwamba siku hizi tumbo lake ni duka la dawa, alijibu bila kuinua macho: "Cheka tu, kaka. Mama alikufa hanijui mimi ni nani. Mimi huko sifiki."

Wiki iliyopita alinirudishia kanda ya zamani juu ya mgomo wa kiwanda cha nguo, kanda yenye namba tupu bila jina. Hakukosea hata nukta. Kwenye nafasi ya msimulizi aliandika: "Mwanamke wa makamo, hajatambulika." Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikayatambua maneno. Mahojiano hayo niliyafanya mwenyewe, sebuleni kwao, mama yake akiwa bado na akili timamu na mizaha tele.

"Dada," nilisema, "huyu ni mama yako."

Alirudisha kanda mwanzo, akafumba macho, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavua hedifoni taratibu, akanitazama kwa adabu ileile anayowapa wageni.

"Una hakika, kaka?"