Lumbesa Kwenye Ndege ya Viti Viwili

Juzi, uwanja wa ndege wa Kigoma, nilimkuta mnunuzi mmoja wa mihogo, pande la mtu, akijaribu kindege cha viti viwili. Amejifunza urubani kwa starehe, sasa anatafuta cha kununua. Aliingia kwa ubavu, akavuta tumbo ndani. Mlango ukagoma kufungika.

"Sukuma tu," akamwambia fundi. "Kule Simbo tunashindilia gunia mpaka linakubali, na juu tunaweka lumbesa, nusu gunia jingine."

Fundi akafuta mikono taratibu. "Mzee, uzito wa mwisho umeandikwa hapa. Ukizidisha, hakiruki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashuka akihema. "Basi nitafutie kipana zaidi, lakini bei iwe hii hii."

Nikacheka peke yangu. Ndiyo maneno anayowaambia wakulima wa Simbo kila msimu, ila gunia lao halijui kugoma. Viongozi wangapi wamepiga marufuku lumbesa jukwaani, na magunia yakazidi kunenepa! Wa kwanza kuikataa kwa vitendo ni kindege, tena hakikuhutubia mtu.