Tovuti Iliyokuwa Inakufa Saa Kumi na Mbili Jioni

Tovuti ya mama mkwe wangu ilikuwa inakufa kila siku saa kumi na mbili jioni.

Sisemi ilikuwa nzito kufunguka. Nasema inakufa. Ukiitafuta unaambiwa ukurasa huu haupatikani, basi.

Kesho yake saa mbili kamili asubuhi inafufuka, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Saa saba mchana inazimia nusu saa, kisha inaamka. Jumapili haiamki kutwa nzima.

Na aliyeitengeneza ni mwenzenu hapa.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula, na bosi wangu ni mke wangu, maana ndiye anayeniambia niondoe nyaya watu wale. Mama yake ni fundi makochi. Ukimpelekea kochi limechoka, analivua nguo, anabadilisha sponji, anakaza springi, analivalisha kitambaa kipya. Unarudi kulichukua unasema si langu hili.

Nilimtengenezea tovuti, na nikamwekea sehemu ya kuandika mwenyewe. Hakuna haja ya kunipigia simu. Akitaka kubadilisha picha anabadilisha, akitaka kuandika anaandika, akitaka kuficha ukurasa kuna kitufe chake.

Siku ya kumkabidhi nilikaa kitako kama profesa. Nikamwambia, "Mama, hili ni duka lako la pili. Ufunguo unao wewe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Duka la pili," akasema. "Nimekuelewa, mkwe wangu."

Nikajua kaelewa. Kumbe kaelewa kunizidi.

Wiki ya kwanza akaanza kuandika. Mimi nilishamwekea maneno mazuri ya kitaalamu, "huduma bora kwa viwango vya kisasa". Aliyafuta yote. Akaandika: "Leo sponji nzuri imeisha. Usije na kochi la maana, subiri Alhamisi."

Siku nyingine: "Yule baba aliyeleta kiti cha miguu mitatu, njoo ukichukue, tunajikwaa."

Picha zote zilikuwa na kidole gumba chake pembeni. Nilitamani kulia. Lakini wateja walimpenda balaa. Watu walikuwa wanafungua tovuti ile asubuhi hata kama hawana kochi.

Sasa hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Mtaa ule una umoja wa mafundi. Seremala, mshonaji, fundi viatu, kinyozi, fundi redio, ukimtoa mama mkwe wako thelathini na wawili. Wote walikuwa wanataka tovuti, ila walishaumwa na nyoka. Kuna fundi wa tovuti aliwahi kuwatengenezea zamani, akabaki na funguo zote. Mtu akibadilisha namba ya simu anasubiri wiki tatu aandikiwe mpya. Wateja wanapiga namba iliyokufa. Mwisho jamaa akahama, akatoweka na funguo.

Kwa hiyo sharti lao lilikuwa moja tu: mwenye tovuti aitawale mwenyewe.

Na mama mkwe, mwanachama wa siku nyingi, akasimama kikaoni akanidhamini. "Mkwe wangu si kama yule. Yangu naiongoza mwenyewe, kila kitu. Jumamosi baada ya mwisho wa mwezi njooni ukumbini mwone."

Tovuti thelathini na mbili, jamani. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kazi ile ndiyo ingetuvusha, na yote ilikuwa imening'inia kwenye neno la mama.

Ndipo nikagundua tovuti inakufa jioni.

Nilihangaika. Nikawapigia wanaotuhifadhia tovuti, wakasema kwao kila kitu kiko sawa. Nikawaona wazembe. Nikachungulia kumbukumbu za mitambo, zikaonyesha anayezima ameingia kwa jina la mama na neno lake la siri.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaapa kwamba kuna mdukuzi amemwibia mama neno la siri. Nikawa na mshukiwa kabisa: yule fundi wa zamani, anataka kuniharibia.

Siku moja jioni nikaenda dukani kumtahadharisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Karibu ukae, nafunga."

Nikakaa. Akaifunika cherehani. Akapitisha sumaku sakafuni kuokota misumari na sindano. Akafunga dirisha la nyuma. Halafu akavaa miwani, akachukua simu, akaingia kwenye tovuti, akabonyeza kitufe cha kuficha.

Kurasa zote, moja baada ya nyingine.

Nilikauka. "Mama, unafanya nini?"

"Si nimekwambia nafunga?" Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza maji ni nini. "Wewe mwenyewe ulisema ni duka la pili. Duka gani linaachwa wazi mwenyewe amelala? Mtu atapiga hodi, hakuna wa kuitika, atasema yule mama ana kiburi."

"Na saa saba mchana?"

"Nakula."

Sasa, ndugu msomaji, hapo nilitakiwa kufungua mdomo. Nilitakiwa kusema, mama, mimi ndiye niliyekueleza vibaya, tovuti haiko hivyo.

Lakini yule ni mama mkwe. Unaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba mwezi mzima amekuwa akikosea, tena huku anakukunjia kitambaa umpelekee bintiye?

Nikaufyata. Nikasema, "Vizuri mama, usalama kwanza."

Nikarudi nyumbani nikafanya ujanja.

Niliibadilisha ile sehemu yake. Akibonyeza kitufe, kwenye simu yake linatokea neno jekundu, IMEFUNGWA, na kurasa zinapotea. Kwenye simu yake tu. Dunia nzima iliyobaki inaendelea kuiona tovuti kama kawaida.

Mama ana amani, tovuti iko hewani, kila mtu kafurahi. Nilijiona mjanja mpaka nikamsimulia mke wangu.

Hakucheka. "Umempa mama yangu kitufe cha kuchezea," alisema. "Kama mtoto."

"Nimemheshimu."

"Haya. Siku akijua, mimi simo."

Haikupita wiki, simu ikaita. Mama.

"Mkwe, kuna mtu ameniandikia usiku saa nane anauliza bei ya kochi la kijani. Ameingiaje na sisi tulikuwa tumefunga?"

Nikababaika. "Labda... labda aliandika mapema mama, ujumbe ukachelewa njiani."

"Mh," akasema. Ile "mh" ilinikosesha raha siku mbili.

Asubuhi yake tovuti ikasomeka hivi: "Wewe uliyeingia usiku tukiwa tumefunga, tafadhali usirudie. Bei ya kochi la kijani utaambiwa ukija mchana kama watu wengine."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi ikafika. Ukumbini viti vya plastiki vimejaa, mafundi wamekuja na nguo za kazi, wengine wana vumbi la mbao nywelini. Ilikuwa saa kumi jioni. Nikawasha projekta, kochi la kijani likatokea ukutani, kubwa, na kidole gumba pembeni.

Nikaongea nikaongea. Nikamaliza na maneno niliyoyafanyia mazoezi bafuni: "Tovuti ni yako, na mamlaka yote ni yako."

Nyuma akasimama fundi redio, wanamwita Spika kwa vile hajui kunong'ona. "Yule wa kwanza naye alisema hivyo hivyo!"

Watu wakaguna. Mwenyekiti wao, kinyozi mmoja mpole, akainua mkono. "Tusibishane. Mama yupo. Mama, tuonyeshe."

Mama akaja mbele, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Ukutani yakatokea maneno: "Hamjambo mafundi wenzangu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikashusha pumzi. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo tovuti thelathini na mbili.

"Hiyo ndogo," mama akasema, uso unang'aa. "Ngojeni niwaonyeshe ninavyofunga."

Nikadakia, "Mama, hiyo nadhani si lazima, muda umekwenda..."

"Mkwe, niache. Hii ndiyo wanayoitaka."

Akabonyeza. Akainyanyua simu yake juu wote waione. IMEFUNGWA.

Ukutani, kochi la kijani liko palepale.

Mama akageuka, akalitazama kochi. Akabonyeza tena. Akafungua, akafunga. Kochi halina habari.

"Labda ni mtandao," nikasema. Sauti yenyewe haikuwa yangu.

Spika alishatoa simu yake. "Kwangu iko wazi!"

"Na kwangu," akasema mshonaji.

"Hata kwangu," akasema mwenyekiti, kwa huzuni kabisa.

Mama hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nikamwona anapanga mambo kichwani, moja juu ya jingine, taratibu.

"Kwa hiyo yule mtu wa usiku," akasema, "hakuvunja mlango."

Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia mbele ya mafundi thelathini na wawili.

Nikapiga moyo konde. Nikasema yote. Kwamba kitufe ni cha uongo, nilikitengeneza mimi. Kwamba niliona aibu kumsahihisha, nikaona bora nimdanganye.

"Nilikuheshimu, mama."

"Mimi nimesimama mbele ya watu hawa nikasema wewe si kama yule," alijibu. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Yule alininyima ufunguo nikajua nimenyimwa. Wewe umenipa ufunguo wa bandia nikakushukuru."

Hayo maneno yaliniuma. Yananiuma hata sasa ninapoyaandika.

Nikakaa mezani palepale, wote wanaona, nikafuta ule ujanja wangu. Haikufika hata dakika tatu. Nikampa simu yake kwa mikono miwili. "Jaribu, mama."

Akabonyeza. Kochi likatoweka ukutani. Spika akaangalia simu yake, akatangaza kwa ukumbi mzima, "Imekufa kweli!"

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaanza kukunja nyaya zangu. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mke wangu.

Ndipo Spika akasema, "Mwenyekiti, mimi niandike wa kwanza."

Watu wakageuka. Hata mimi.

"Yule wa zamani hatukumkamata hata siku moja," akasema. "Huyu kakamatwa mchana kweupe, tena na mkwewe. Mtu ambaye mama anaweza kumkamata, mimi namtaka. Ila sharti: hakuna tovuti inayokabidhiwa kabla mama hajabonyeza kila kitufe."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mpaka mbele. Mwenyekiti akamtazama mama. "Utakubali kuwa mkaguzi?"

"Nitakubali," mama akasema. "Na sitamwonea huruma kwa sababu ya binti yangu."

Basi ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo nilivyopata bosi wa pili.

Lakini kilichonimaliza kabisa si hicho. Kilichonimaliza kilitokea Jumatatu, nilipokwenda dukani kumwomba radhi rasmi. Alinikalisha kwenye kochi ambalo halina kitambaa bado, springi zinanichoma, nadhani makusudi.

"Haya," akasema. "Sasa nieleze. Kwa nini ulitaka ibaki wazi?"

Nikamweleza. Kwamba watu wanatazama makochi wakishatoka kazini. Kwamba wakiikuta imezimwa wanadhani amefunga biashara moja kwa moja. Kwamba hakuna anayetegemea kuitikiwa usiku.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri kidogo. Akachukua simu, akaandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: "Kuanzia jioni tunapumzika. Ingia utazame makochi kwa nafasi yako. Maswali tunajibu asubuhi."

"Hivyo itafaa?" akauliza.

Ilifaa kuliko kitu chochote ambacho ningekibuni mimi. Dakika kumi tu zilitosha. Mimi nilikuwa nimetumia siku zote zile kumkwepa mtu ambaye alikuwa anahitaji dakika kumi za ukweli.

"Wewe uliniogopa," akasema, akirudi kwenye kazi yake. "Ungeniheshimu ungenieleza."

Siku hizi nasema hivi kwa wenzangu wa kazi hii: mwenye tovuti akikosea, kaa naye umwelekeze. Usimpunguzie mamlaka kimyakimya halafu ukaita hiyo heshima.

Na wewe mwenye tovuti uliyeambiwa "hii ni yako, fanya utakavyo", usikubali kirahisi. Badilisha kitu leo, chochote, kisha usitazame kwenye simu yako. Azima simu ya jirani.