Breki kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mimi sikumgonga mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa Korogwe wakitaka kunichokoza huisimulia ajali ile kana kwamba mwenye lori nilikuwa mimi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliendesha Landrova ya serikali, nikipeleka mbegu na mabwana shamba vijijini. Siku niliyoumia nilikuwa peke yangu, natoka Korogwe kwenda Handeni, nimeshaiacha Kwamndolwa. Kiangazi kilikuwa kimeshika na barabara ilikuwa unga mtupu.

Nyuma yangu lilikuja lori la mkonge. Dereva wake angekuwa na subira angebaki mbali mpaka vumbi langu litue. Lakini madereva wa wakati ule tulikuwa na ugonjwa mmoja: hakuna aliyetaka kula vumbi la mwenzake. Basi unambana wa mbele upate kumpita, na hapo ndipo huoni kitu kabisa. Taa za breki ndani ya vumbi ni kama kibatari ndani ya moshi. Na hata breki zako ziwe nzima vipi, zitakusaidia nini kama nafasi ya kusimama huna?

Mbele nikamwona mwanamke anatembea barabarani, mzigo wa mihogo kichwani. Kanga ile niliijua. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu Wazigua mama mkwe hapitwi hivi hivi. Ukikutana naye njiani unatoka kando, unatazama majani mpaka apite. Tangu nioe, sisi wawili hatukuwahi kusemezana uso kwa uso. Hata salamu zilipita kwa mke wangu. Sasa nimpite kwa kasi, nimmwagie vumbi yeye na mihogo yake? Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Lori likaniingia kwa nyuma. Kichwa changu kilirudi nyuma kikaja mbele, na nilipotaka kugeuka nione kilichonigonga, shingo ilikataa.

Hospitalini maumivu niliyazoea. Kilichoninyima raha ni maneno ya mkuu wangu wa kazi: ikionekana nilisimama bila sababu, gari sitalishika tena. Kazi nyingine sikuijua, wala sikuitaka. Nilipenda kuendesha kuliko kula.

Dereva wa lori, mtu mzima wa Vugiri, alikuja kunitazama na ndizi mbivu, akakaa ukingoni mwa kitanda kama tumekua pamoja.

"Ndugu, kukufuata karibu ni kosa langu, sikatai," alisema. "Lakini kuhusu kusimama, wewe sema ulimkwepa mbuzi. Mbuzi kila mtu anamwelewa."

Nilicheka, shingo ikanikomesha. Mke wangu naye akaafiki mbuzi. Wagonjwa wenzangu wodini wakaafiki mbuzi. Na mimi nilimtaka sana mbuzi huyo, kwa sababu kumtaja mama mkwe kituo cha polisi, mbele ya wanaume, niliona ni aibu kubwa kuliko kugongwa.

Siku ya kutoa maelezo, askari wa usalama barabarani alitukalisha mimi, mwenzangu wa lori na mkuu wangu. Alikuwa mstaarabu, akanieleza njia zangu: nipatane na mwenye lori, au bima ya lori igharimie matibabu, au yote yakishindikana niende mahakamani.

"Lakini kwanza," alisema, "kwa nini ulisimama ghafla?"

Mbuzi alikuwa ameshafika kwenye ulimi wangu mlango ulipofunguliwa. Mama mkwe aliingia, kanga ameivuta mpaka machoni, akasimama akinipa mgongo. Niliinamisha kichwa kadiri shingo ilivyoniruhusu.

"Shikamoo, mama," askari alisema.

"Marahaba, baba. Binti yangu kaniambia huku kuna mbuzi. Hakukuwa na mbuzi, nilikuwa mimi. Huyu ni mkwe wangu, alisimama asinitie vumbi. Na lile lori liliingia kwenye vumbi bila kupunguza mwendo."

"Ni kweli, mama," dereva wa Vugiri alisema kwa upole. Nilimpenda papo hapo.

Askari aliyaandika maneno yao. Akasema dereva ana haki ya kusimama kwa ajili ya mtu aliye barabarani, na wa nyuma ndiye anayetakiwa kuacha nafasi. Vumbi likizidi, nafasi nayo izidi. Bima ya lori itaitibu shingo yangu. Nilifurahi, sifichi. Ila mkuu wangu alikuwa bado amekunja uso.

"Dereva wa kufunga breki kila akimwona mkwewe," alisema, "nitamrudishaje kwenye gari la serikali?"

Mama mkwe akaiondoa kanga machoni. Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, kisha akamtazama mkuu wangu.

"Mrudishie gari lake," alisema. "Barabara ile naitembea tangu utoto. Magari mengi yamenipita. Lililosimama ni la huyu tu."

Mkuu wangu alitazama chini. Akasema nikipona nirudi kazini.